Sheria ya Kulenga Samaki

Nchi yetu haina matatizo. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani nalalamika. Mimi ni mtumishi wa serikali, Mratibu Msaidizi wa Makofi katika Idara ya Shangwe za Taifa, na kazi yangu ni kusimama mbele ya umati na kuanza kupiga makofi pale ambapo mwananchi wa kawaida hajang'amua kwamba hotuba imefika penye utamu. Wapo wanaoidharau kazi hii. Hao ni watu ambao hawajawahi kusikia hotuba zetu zikisomwa bila makofi.

Basi, tulikuwa na ziwa. Ni pana lakini si la kina, na upande wa mwalo wa Matete, ambako mitumbwi huegeshwa na samaki huanikwa, mtu mzima anaweza kuyafuata maji mpaka achoke na bado yasimfike kifuani. Humo walikuwamo sato, kambare na dagaa wa kutosha. Watu walivua, wakala, wakauza, wakasomesha watoto, yote hayo bila mpango wowote wa taifa, na hilo ndilo lililoiudhi serikali.

Siku moja nchi rafiki, ambayo kila mara hutuzawadia kitu kisichotakiwa kwao, ikatuletea samaki. Walifika ndani ya matangi yaliyofungwa utepe, samaki wanene wenye ndevu mbili na magamba makubwa kama vifungo vya koti. Waziri wa Samaki na Heshima, Mheshimiwa Pantaleo Kigugwe, akatangaza kwamba wanaitwa Samaki wa Urafiki, kwamba ni wataalamu waliobobea, na kwamba samaki wetu wa kienyeji wangejifunza kwao nidhamu na kunenepa. Wakamwagwa ziwani. Nilipiga makofi mazuri sana siku ile, nasema bila kujisifu.

Samaki wa Urafiki hawakuja kufundisha. Walianza kwa kula majani ya majini ambamo sato hutagia, wakamalizia na mayai yenyewe, kisha wakaanza kufukua tope la chini kwa pua zao kama nguruwe, hata maji ya kunywa yakawa rangi ya chai ya maziwa. Wakazaana. Wavuvi wa Matete wakawa wanarudi na dagaa wa kujaza kikombe. Ikabidi Baraza la Mawaziri likae, na baada ya chakula cha mchana likakubaliana kwamba ndugu zetu hao sasa waitwe Wavamizi, na vita vitangazwe.

Tatizo dogo, kama ingekuwa nchi yenye matatizo, lilikuwa nyavu. Nyavu zote za wavuvi zilikuwa zimechomwa moto uwanjani mwaka uliotangulia, katika operesheni ya kuwalinda samaki, na mimi mwenyewe ndiye niliyeongoza makofi kando ya ule moto. Serikali haiwezi kuruhusu leo ilichokichoma jana, watu watafikiri ilikosea. Kwa bahati mtu mmoja akatazama nembo ya taifa iliyokuwa ukutani, akaona upinde na mshale. Ikaamuliwa kwamba Wavamizi watapigwa kwa mishale.

* * *

Sasa nieleze jambo ambalo kila aliyezaliwa Matete analijua, pamoja na Waziri Pantaleo, kwa maana kitovu chake kimezikwa palepale mwaloni. Samaki akiwa ndani ya maji huonekana yuko juu kuliko alipo. Ukimlenga unapomwona, mshale unampita juu ya mgongo ukaenda zake. Ukitaka kumpata unalenga chini ya tumbo, kwenye maji matupu, kama mtu asiye na akili. Mshale wenyewe hufungwa kamba nyembamba, ukimpiga unamvuta.

Uzinduzi wa vita ulifanywa na Mlezi Mkuu wa Taifa mwenyewe. Haikuwezekana, bila shaka, Mlezi Mkuu arushe mshale na kamba irudi tupu. Kwa hiyo Waziri akamtafuta mvuvi mmoja aitwaye Magesa Bwire, mtu wa maneno machache na mapafu makubwa, akamlaza majini kwenye matete akiwa na samaki aliyekwisha kufa na kijiti cha tete cha kupumulia. Mlezi Mkuu angerusha popote apendapo. Magesa angeufuata mshale chini kwa chini, amchomeke samaki, aitikise kamba, nami nikiiona kamba inacheza nianze makofi. Nalijua hili kwa sababu tulifanya mazoezi pamoja, na mtu huyo alikuwa hodari wa kufuata alama kuliko viongozi wengi wa kwaya niliowahi kufanya nao kazi.

Ikaenda kama maji ya mtelemko. Mlezi Mkuu akafyatua kuelekea upande ambao hata chura hakuwako, kamba ikacheza, nikapiga, umati ukapokea, samaki akatoka. Mwandishi wa gazeti la serikali akamwuliza alilenga vipi.

"Nilimlenga palepale nilipomwona," alisema Mlezi Mkuu. "Kiongozi haoni kitu mahali ambapo hakipo."

Kabla wiki haijaisha maneno hayo yalikuwa sheria. Raia yeyote atakayevua samaki kwa mshale atamlenga palepale anapomwona, na atakayelenga chini yake atakuwa ametilia shaka macho ya Mlezi Mkuu. Bunge liliipitisha kwa sauti moja, sauti yenyewe ikiwa ya Spika.

* * *

Wananchi wakagawiwa pinde na kuingia ziwani kwa vifijo. Mishale ilinyesha mchana kutwa. Samaki wa Urafiki walishituka kidogo siku za mwanzo, halafu wakazoea, na wengine wakawa wanakuja kujikuna migongo kwenye mishale iliyosimama topeni. Taarifa ya Waziri ilisema kwamba ulengaji umefanyika kwa usahihi wa asilimia mia moja, ambao haujawahi kufikiwa na taifa lolote, na kwamba samaki kutopatikana ni suala la upande wa samaki.

Kukaundwa tume. Tume ikachunguza pinde ikakuta ziko sawa, ikachunguza macho ya wananchi ikakuta yako sawa, ikabaki na maji. Ndoo moja ya maji ya ziwa ikafikishwa mahakamani ikisindikizwa na askari wawili, ikashitakiwa kwa kupindisha. Mwendesha mashitaka alitumbukiza fimbo ndani yake, na mahakama nzima ikaona kwa macho yake fimbo iliyonyooka ikionekana imepinda. Ndoo haikujitetea. Ilifungwa, na mpaka leo iko gereza kuu, wafungwa wanaambiwa wasiinywe.

Huko mwaloni, lakini, watu walikuwa wanalala na njaa, na njaa haina adabu mbele ya sheria. Baadhi wakaanza kurudi na samaki. Polisi wakajiuliza swali ambalo hata mimi naliona la busara: mtu anampataje samaki kama hakulenga chini yake? Tangu hapo kukutwa na samaki kukawa ushahidi wa uasi. Wazalendo wa kweli walitoka ziwani mikono mitupu wakavishwa nishani, na wake zao wakazitundika jikoni juu ya masufuria yaliyofunikwa.

Magesa Bwire hakupata nishani. Alikuwa na mke, Nyanjige, na watoto watatu waliokuwa wamekula ugali kwa chumvi kwa muda mrefu hata mdogo wao akawa anaita chumvi "mboga". Siku moja asubuhi aliingia majini, akalenga chini ya tumbo kama alivyojua tangu utoto, akarudi na samaki mmoja mnene. Nyanjige akamkaanga. Kituo cha polisi kiko upande unakoelekea upepo, na harufu ile ilipofika huko askari wote walisimama kwa pamoja, wengine kwa ajili ya sheria. Walipomaliza kukila kielelezo, walimchukua Magesa.

Hakimu alimwuliza alimlenga samaki wapi, kama ni pale alipomwona.

"Pale alipokuwa, Mheshimiwa," alijibu Magesa.

Mahakama ilishusha pumzi kwa huzuni. Wengi tulimpenda, na angeweza kusema neno lingine lolote. Akahukumiwa kukaa jela mpaka maji yatakaponyooka.

* * *

Nyanjige hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuja mjini na kapu lake, akaketi mbele ya lango la gereza, na kila aliyeingia akamwuliza maji yananyooka lini. Alimwuliza mkuu wa gereza, akamwuliza padri, akaniuliza na mimi nilipokuwa napita na shughuli zangu. Nilimwambia suala hilo liko katika ngazi za juu. Akasema basi atangoja, kwa sababu alichokuja kutafuta mjini ni mume wake tu na hatarudi bila yeye. Niliona aibu kidogo, nikatembea upesi.

Ikakaribia Siku ya Mshale, maadhimisho ya ule uzinduzi, na Mlezi Mkuu akasema anataka kuwapigia wananchi samaki mwingine. Waziri Pantaleo akakumbuka kwamba mzamiaji wake yuko kifungoni. Kwanza alijaribu kumtumia mpwa wake, msomi wa mambo ya protokali, lakini kijana yule aligandwa na ruba mguuni katikati ya mazoezi akaibuka akiita mama. Basi tukaenda gerezani, Waziri na mimi, kuzungumza na Magesa.

Waziri alimwahidi kwamba akiifanya kazi hiyo tu, jioni yake atalala nyumbani. Magesa hakufurahi haraka. Aliuliza Mlezi Mkuu atarusha kuelekea wapi.

"Atarusha kwa mujibu wa sheria," alisema Waziri. "Amesema safari hii anataka kumwona samaki kabla hajarusha. Utamshika aliye hai, umnyooshe mbele yako, ili aonekane."

"Mheshimiwa, wewe ni mtu wa Matete," alisema Magesa polepole. "Mimi nitakuwa nyuma ya huyo samaki. Mwambieni alenge kando."

Waziri alitazama dari. Ndipo nilipofahamu ugumu wa kazi ya uwaziri, maana ili umwambie Mlezi Mkuu alenge kando inabidi kwanza umwambie kwamba mwaka jana hakumpata samaki yeyote, na yeye kwa sasa alikuwa anaamini kuliko sisi wote. Mwaka mzima alikuwa amewasimulia wageni wa kitaifa namna samaki yule alivyopinduka. Waziri akasema atalifikisha suala hilo mahali pake. Magesa akatutazama, akamtazama Nyanjige kupitia dirisha la nondo, akakubali.

* * *

Siku ya Mshale jua lilikuwa kali na maji yalikuwa yamepungua hata yakafika magotini tu. Magesa alilala kifudifudi kwenye matete, amemkumbatia samaki mkubwa wa Urafiki. Wazee wa mwalo walikuwa mbele, mabalozi kwenye viti, wananchi nyuma ya kamba. Nyanjige alisimama miongoni mwa akina mama na khanga zake mbili, moja amejifunga na nyingine ameikunja mkononi, ya kumfutia mumewe maji.

Mlezi Mkuu alihutubu kuhusu mila. Alisema taifa lisiloheshimu desturi za mababu ni sawa na mti usio na mizizi, akazitaja desturi nyingi, nami nikazipigia makofi moja baada ya nyingine. Kisha akaingia ndani ya mtumbwi, akasogezwa karibu kuliko tulivyopanga, akavuta upinde. Magesa akamnyoosha samaki mbele yake. Mgongo wa samaki ukaonekana waziwazi, na Mlezi Mkuu, kwa uaminifu wote, akalenga palepale alipouona.

Mshale ulimpita samaki juu ya mgongo, kama mishale yote ya nchi yetu, ukaishia kwenye bega la Magesa.

Kamba ikacheza. Maskini, mimi ni mtu wa alama, na alama ilikuwa kamba. Nikapiga makofi. Umati ukapokea, bendi ikapokea, na Mlezi Mkuu akavuta kwa nguvu mpaka akaibuka juu ya maji Magesa Bwire hadi mapajani, uso umekunjamana, damu inachuruzika kwenye kwapa, na mkononi bado amemshika samaki kama alivyofundishwa. Makofi yakakatika yenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea katika idara yetu.

"Huyu ni nini?" aliuliza Mlezi Mkuu kwa sauti ya chini.

"Ni samaki, Mheshimiwa," alisema Waziri.

"Mbona ana suruali?"

"Samaki wa siku hizi wameendelea, Mheshimiwa."

Waziri hakusita hata kidogo, na kwa hilo nampa heshima yake. Akakichukua kipaza sauti akaueleza umma. Mlezi Mkuu alimlenga samaki. Mlezi Mkuu hakosi. Kwa hiyo kilichopigwa ni samaki, tena ndiye mkubwa kuliko wote waliowahi kuvuliwa katika historia ya ziwa. Balozi wa nchi rafiki aliandika jambo fulani kwenye kiganja chake. Daktari wa msafara aliyekuwa amekwisha kufungua begi akalifunga, kwa sababu yeye ni daktari wa binadamu. Maofisa wa itifaki wakaleta sanduku la barafu, kwa kuwa samaki wa Mlezi Mkuu, kwa utaratibu, hupelekwa Ikulu kwa ajili ya karamu ya usiku.

Magesa alikuwa anatetemeka. Walikuwa wamekwisha kumshika miguu.

Hapo Nyanjige akavuka kamba. Askari walimzuia lakini si sana, kwa kuwa nao walikuwa na wake. Alipiga magoti mbele ya mtumbwi, maji yakamfika kiunoni, akaongea kwa sauti ya kawaida ambayo kipaza sauti cha Waziri, kilichokuwa bado wazi, kiliipeleka mpaka nyuma kabisa.

"Baba, shikamoo. Kama huyu ni mtu, naomba mume wangu. Kama ni samaki, umemvua Matete. Na kwetu Matete samaki wa mgeni hulala kwa mwenyeji. Mgeni anayeondoka naye tunamwita mwizi."

Wazee wa mwalo wakaitikia kwa kichwa, wote. Ni desturi ya kweli, hata Waziri anaijua. Mgeni akiingia majini mwenu, anachopata humwachia mama wa mwalo akapike, na kumnyima ni kumtukana. Mlezi Mkuu alikuwa ametoka kusifu desturi kwa muda mrefu, na mabalozi walikuwa bado wana nakala za hotuba magotini. Alimtazama Nyanjige, akamtazama yule kiumbe wa kwenye kamba. Akisema ni mtu, alikosa. Akimnyima samaki, ni mwizi. Niliona jasho likimtiririka hadi kwenye kola.

"Mpeni samaki wake," alisema hatimaye. "Ampike vizuri."

"Tutampika, Baba," alisema Nyanjige.

Akina mama wa Matete wakamfunika Magesa kwa khanga, wakamwinua juujuu, wakaondoka naye. Nikaona kwamba Nyanjige analia sasa, ila kimya, na mkono wake umelishika lile bega lisitikisike.

* * *

Nesi mstaafu wa mwaloni aliutoa mshale akamshona. Bega lilipona kabla ya mvua za vuli. Gereza lilituma askari kumrudisha mfungwa, lakini hakimu akatoa uamuzi kwamba mfungwa Magesa Bwire ni mtu, na aliyeko nyumbani kwa Nyanjige, kwa kauli ya Waziri mbele ya mabalozi, ni samaki, na mahakama haina mamlaka juu ya samaki. Karani wa kodi alifika, naye akarudi mikono mitupu. Waliokuja kumwalika kwenye maandamano ya hiari nao wakarudi.

Kisha Magesa akachukua upinde akaingia majini. Akalenga chini ya tumbo, mchana kweupe, askari akimwangalia, akawatoa Samaki wa Urafiki mmoja baada ya mwingine mpaka mtumbwi ukalemea upande. Askari alisoma sheria mara mbili. Sheria inasema raia yeyote. Samaki kumla samaki mwenzake si kosa popote duniani, ni maumbile. Magesa akaugawia mwalo mzima, na jioni hiyo moshi wa majiko ulipanda Matete kila nyumba.

Idara ikanituma nikachunguze. Nilimkuta ameketi uani na wanawe, anageuza kipande cha samaki kwenye makaa. Mtoto mdogo alikuwa amelala tumbo limemjaa. Nilimwuliza Magesa, kwa nia njema kabisa, kama haoni haya, mwanamume mzima mwenye mke na watoto, kuitwa samaki.

"Bwana Mkubwa," alisema, "nilipokuwa mtu, mke wangu alinitazama kwenye nondo. Sasa tazama ninavyokula."

Nyanjige akanikatia kipande. Nilikila, na nakiri kwamba yule mtu nilimwonea wivu.

Niliporudi mjini kuandika ripoti nilikuta foleni imetoka kwenye ofisi za Waziri wa Samaki na Heshima, imekunja kona ya posta, imepita gereza. Walikuwamo wavuvi, walimu, mamantilie, vijana wenye vyeti kwenye bahasha, na askari mmoja aliyevua kofia. Wote walikuwa wanaomba wapewe usamaki. Waziri alichungulia dirishani akawaamuru watawanyike kama raia wema, na hakuna aliyesogea.

Nilimwuliza mama aliyekuwa wa mwisho kama ni lazima mtu apigwe mshale kwanza.

"Ni lazima," aliniambia. "Lakini wanasema unauma siku chache tu."

Nikamshukuru, nikasimama nyuma yake.